Gari Lililokaa Matanga

Asubuhi hiyo Benigna alikuwa amepiga magoti kando ya mtumbwi wa kukamulia ndizi, akimenya embire zilizoiva na kuzitupia ndani moja moja, pale Landrova la serikali lilipokata kona ya kanisa na kuja kusimama kwenye mlango wa kibanja chake cha migomba. Hakuinua kichwa. Alijua ni Ildefons, kwa sababu dereva yule alikuwa na tabia ya kuzima injini mapema na kuliacha gari limalizie mteremko lenyewe. Alijua pia amefuata nini.

"Shikamoo, mawe," Ildefons alisema, akimwita mama kwa Kihaya na kuvua kofia.

"Marahaba, waitu. Ndoo moja iko tayari. Nyingine bado inatona."

"Bwana Karugendo anasema leo tunakwenda mpaka Bukoba mjini."

"Mtakwenda," Benigna alisema. "Leo hajafa mtu."

Ildefons akashukuru, akaenda kuchukua ndoo. Hilo ndilo alilotaka kujua.

Mwaka huo petroli ilikuwa imeadimika mkoani. Vita na Uganda vilikuwa vimekwisha, lakini malori mengi yaliyochukuliwa kubeba askari hayakurudi, na mume wa Benigna, aliyekwenda na mgambo, hakurudi pia. Kabla watu hawajamaliza kuwalilia wa vita ukaja ugonjwa ule ambao watu wa mwanzo kuuona waliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyokuwa vikivushwa mpakani. Ukaingia nyumba hadi nyumba. Hospitali ilikuwa juu ya kilima, mbali, na wagonjwa walipelekwa kwa machela ya miti, wanaume wakipokezana mabegani. Wengine walifika.

Ndipo kutoka makao makuu ukaja waraka. Magari ya serikali yaache kutegemea petroli, ulisema, yatumie gesi na mafuta mbadala yanayopatikana pale yalipo. Gesi yenyewe ilikuwa huko kusini, baharini, na mtu wa Bukoba akitaka kuifuata ingembidi avuke nchi nzima kwa gari la petroli. Wakajaribu gesi ya samadi. Wakachimba shimo Kahororo, wakalijaza mavi ya ng'ombe, wakapata moto wa kuchemshia chai ya kamati, basi. Hapo Bwana Karugendo, mratibu wa mpango, akakumbuka kwamba mkoa mzima umefunikwa na migomba, na kwamba ndizi ikikamuliwa inatoa pombe ya orubisi, na orubisi ikipikwa inatoa enkonyagi, na enkonyagi ikipikwa mara ya pili inawaka moto wa buluu.

Kwa miaka mingi mgambo walikuwa wakiingia kwa Benigna kuvunja vyungu vyake, maana enkonyagi ni gongo na gongo ni marufuku. Sasa mgambo wale wale wakaletwa kumjengea kibanda cha mtambo. Walimwamkia kwa adabu. Mmoja wao hakuhitaji kuonyeshwa pipa la kupikia limefichwa wapi, alikwenda moja kwa moja nyuma ya choo akalitoa.

Benigna hakuomba mshahara. Aliomba jambo moja, na aliliomba mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mzee Ndyamukama, ili asije akaambiwa hakusema. Siku ambayo ofisi haina kazi na gari, libebe wagonjwa kwenda hospitali.

"Mama, hilo wala si la kuomba," Bwana Karugendo alisema. "Gari ni la wananchi."

Fundi akaja, akapanua matundu ya kabureta, akabadilisha hiki na kile. Landrova lilikuwa limekwenda vitani na kurudi na tundu la risasi kwenye mlango wa kushoto, na sasa likaanza kutembea kwa ndizi. Lilipopita, barabara nzima ilinukia harusi. Kuhusu kubeba wagonjwa, ofisi haikukosa kazi nalo hata siku moja.

Halafu likasimama. Halikuharibika, na hilo lisemwe wazi, kwa sababu baadaye ofisini walisema liliharibika.

Katika vijiji vya huko mtu akifa hakuna anayeshika jembe. Nyasi kavu hutandikwa ndani, wafiwa na majirani hukaa na kulala juu yake, na mpaka matanga yaanuliwe hakuna udongo unaoguswa isipokuwa wa kaburi, nalo huchimbwa hapo hapo kibanjani, kati ya migomba. Kila anayekula vibanja vya kijiji hushika desturi hiyo. Landrova lilikuwa likila kibanja cha Benigna tangu masika. Kwa hiyo siku moja lilipofika karibu na Muhutwe, Bwana Karugendo akiwa kiti cha mbele na mkutano ukimngoja mjini, lilipunguza mwendo, likasogea lenyewe pembeni ili lisiwazuie wengine, likatulia.

Ildefons alifungua boneti. Akatazama plagi, akatazama maji, akaona kila kitu kizima. Alikuwa bado ameinama pale mtu wa kijijini alipopita na baiskeli akamwambia kwamba katekista Gamaliel amefariki asubuhi ile. Ildefons akafunga boneti taratibu.

"Tumefiwa, mkuu," alisema. "Litakaa mpaka matanga yaishe."

Bwana Karugendo alikuwa amezaliwa na kukulia migombani, hakuhitaji kuelezwa. Alivua miwani akaifuta. Kilichomuudhi ni mkutano.

Ingekuwa zamani, gari lingepumzika mara chache kwa mwaka, kama watu wote. Lakini miaka hiyo matanga ya nyumba moja yalikuwa hayajaanuliwa, nyasi zimeshatandikwa nyumba ya pili. Landrova likakaa chini ya mparachichi wa Benigna wiki hata wiki. Kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Watoto waliokuwa wakienda shule walilitazama tu wakipita, na Ildefons akijaribu ufunguo bila mafanikio waliulizana ni kwa nani leo.

Mtu mwenye akili zake angeliona gari limekaa vile akajiuliza, hivi watu hawa wanakufa kwa wingi gani? Ofisini waliuliza swali jingine. Waliuliza namna ya kulifanya gari litembee. Walimwaga enkonyagi ya Benigna, wakapikisha nyingine Nshambya, kwa ndizi za shamba la mke wa mkubwa mmoja. Gari likawaka vizuri, likatoka mpaka barabara kuu, na hapo likasogea pembeni, kwa sababu Nshambya nako walikuwa wamefiwa na hawakutaka isemwe ni kwa ugonjwa gani. Wakarudi kwa Benigna. Kwake angalau watu hawakuficha.

Bwana Karugendo akaitisha mkutano wa hadhara. Alikuja kwa lori la ushirika, akasimama mbele ya ghala la kahawa, akaeleza kwamba serikali imesikitishwa na jinsi misiba inavyorudisha nyuma maendeleo. Kuanzia siku hiyo, alisema, matanga yataanuliwa mara tu udongo wa kaburi unaposawazishwa. Atakayelia baada ya hapo atatozwa faini.

"Na gari?" aliuliza Kokuberwa, jirani yake Benigna, mwanamke aliyekuwa na mtoto mgonjwa ndani na hakuwa na hofu tena na mtu yeyote. "Nalo litatozwa?"

Watu hawakucheka. Lilikuwa swali la maana. Bwana Karugendo alisema gari litafuata utaratibu.

Watu walifuata utaratibu. Walizika, wakasawazisha, wakarudi shambani na majembe wakitazama chini. Gari halikufuata. Lilikaa chini ya mparachichi mpaka siku zake zilipotimia, na ingawa hakuna aliyesema kwa sauti, wako waliokuja jioni kuliwekea nyasi chini ya magurudumu na kukaa karibu nalo, kwa kuwa pale tu ndipo walipoweza kuwalilia watu wao bila mgambo kuwaona. Benigna aliwapikia chai. Aliona ni haki yake gari lile, kwa kuwa ndiye aliyelilisha.

Wakati huo Joviana alikuwa ameshapelekwa nyumbani kwa mama yake. Ndiye mtoto pekee wa Benigna aliyebaki. Alikuwa ameolewa na mvuvi katika visiwa vya Muleba, akawa anakausha dagaa na kuwauza, mwanamke wa kucheka na kubishana na madalali mpaka wanashusha bei wenyewe. Mume alikufa kisiwani. Joviana alirudi na kuhara kusikokoma, amekuwa mwepesi hivi kwamba Benigna alimbeba mgongoni kutoka barabarani mpaka ndani na hakuhema. Mara ya kwanza hali ilipokuwa mbaya, wanaume walimpeleka kwa machela, wakamtundikia dripu, akarudi kwa miguu yake mwenyewe akiwa amejisuka nywele. Nesi alisema maneno mepesi ambayo Benigna aliyashika kama sala. Akizidiwa tena mleteni mapema. Akipata maji mwilini atasimama, lakini asichelewe.

Alizidiwa tena siku moja kabla ya maonyesho.

Maonyesho yalikuwa makubwa. Wageni wa makao makuu walikuwa wakija Bukoba kuona magari ya mafuta mbadala, na mkoa ulikuwa na gari moja. Bwana Karugendo alikuwa amemwomba mzee Ndyamukama ahakikishe hafi mtu wiki hiyo, na mzee Ndyamukama alijibu kwamba atatangaza. Alitangaza kanisani baada ya misa. Wagonjwa, kadiri walivyoweza, walijizuia. Wiki nzima hakukuwa na msiba na Landrova lilikuwa likiwaka asubuhi kwa ufunguo wa kwanza, likitoa moshi safi, kuku wameshushwa na viti vimefutwa.

Benigna alimkuta Bwana Karugendo kibandani, akinusa enkonyagi kwenye kikombe.

"Baba, mwanangu amezidiwa. Gari liko zima na dereva yupo. Ni kwenda na kurudi tu, kabla jua halijatua litakuwa hapa."

"Mama Joviana, ungeniambia juzi."

"Juzi alikuwa hajazidiwa."

"Leo linaoshwa. Alfajiri linaondoka." Alikiweka kikombe chini. "Na wewe unakuja nalo. Wageni wanataka kumwona mama anayepika mafuta. Utamimina mwenyewe kwa kibuyu, wapige picha. Likimaliza tu uwanjani, Ildefons anakurudisha, mnamchukua binti, mnampeleka hospitali. Kesho jioni gari ni lako. Nakuahidi."

"Basi nipe vijana wa machela waondoke naye sasa hivi."

"Vijana wote nawahitaji kwa ngoma."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Lori la ushirika lilikuja alfajiri na kuwapakia wanaume wote wenye mabega, wale wale waliokuwa wakipokezana machela, wakaenda kucheza ngoma mbele ya wageni. Lori lilikuwa la dizeli na lilikuwa limejaa tangi. Benigna aliliona hilo, akalitia moyoni, hakujua bado aliweke wapi. Alimwacha Joviana mikononi mwa Kokuberwa, akamlowesha midomo kwa pamba, akamwambia usiondoke, narudi na gari.

"Nitalisikia," Joviana alisema. "Nitalijua kwa mlio."

Uwanja ulikuwa umefyekwa na jukwaa limefunikwa makuti. Bendi ilikuwepo, shule zilikuwepo, wageni walikaa kivulini na soda zao. Benigna alivishwa kitenge kipya, akapewa kibuyu, akamimina mbele ya kamera. Akaambiwa amimine tena kwa sababu mpiga picha hakuwa tayari. Akamimina tena. Mgeni mkubwa alimshika mkono akamwambia wanawake ndio uti wa mgongo wa taifa. Benigna alimwambia mwanangu ni mgonjwa. Mgeni alisema hongera sana, maana bendi ilikuwa imeanza.

Landrova likawaka, likazunguka uwanja mara ya kwanza. Kwenye boneti na kwenye milango walikuwa wameandika kwa rangi nyeupe LINATEMBEA KWA NDIZI ZETU, na ule mlango wenye tundu la risasi, tundu liliangukia katikati ya herufi. Watu walipiga makofi. Harufu ya harusi ikajaa uwanjani, hata wageni wakatabasamu bila kujua kwa nini. Lilianza mzunguko wa pili. Lilipofika mbele ya jukwaa likapunguza mwendo, likasogea lenyewe pembeni ili lisizuie gwaride la shule, likatulia.

Wanaume wa ngoma waliacha kucheza. Waliokuwa wamekaa kwenye majani walisimama. Kila mtu wa kijijini alikuwa pale uwanjani isipokuwa wazee, watoto, wagonjwa na waliobaki kuwauguza, na kati ya wagonjwa hao mmoja tu ndiye aliyekuwa karibu kufa, na kila mtu alijua ni wa nani. Walimtazama Benigna. Yeye alikuwa bado ameshika kibuyu.

Ildefons aliteremka. Hakufungua boneti. Alivua kofia, akavuka uwanja wote mbele ya wageni, akapita mbele ya Bwana Karugendo kana kwamba hayupo, akasimama mbele ya Benigna.

"Pole, mawe," alisema. "Tumefiwa."

Benigna alishika kichwa akalia, kwa sauti yote aliyokuwa ameibana tangu utaratibu mpya ulipotangazwa. Bwana Karugendo alimjia mbio. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu mwenye wageni.

"Mama, pole sana, lakini jizuie kidogo. Dakika chache tu, wageni wanaangalia." Kisha akageukia bendi akawafanyia ishara waongeze sauti, nao wakaongeza.

"Ildefons, rudi kwenye gari."

"Limefiwa, mkuu. Na mimi pia."

Hapo Bwana Karugendo aliita vijana wawili wa ofisini, akawaelekeza nyuma ya jukwaa. Kulikuwa na turubai pale. Walilifunua, na chini yake kulikuwa na mapipa ya petroli, mapipa mengi kuliko ambayo Benigna aliwahi kuyaona mahali pamoja tangu jeshi lilipopita kwenda mpakani. Yalikuwa ya msafara wa wageni na ya wakubwa wa mkoa. Yalikuwa pale jana. Yalikuwa mkoani muda wote, miezi yote ambayo watu walibebwa mabegani na kufia njiani chini ya mvua, na gari moja lililotembea kwa jasho la mjane likapigwa picha ili pasiwepo mtu wa kuuliza mengine yanatembea kwa mafuta gani.

Vijana walifungua tangi wakaimwaga enkonyagi yote kwenye nyasi za uwanja. Wakamimina petroli. Dereva mwingine akapanda, akageuza ufunguo, na Landrova likawaka mara moja, likaondoka, likamaliza mzunguko wake vizuri kabisa. Wageni walisimama kulipigia makofi. Mgeni mkubwa alisema kwenye kipaza sauti kwamba huu ni mfano wa kuigwa na mikoa yote.

Benigna aliacha kulia. Alimwendea Bwana Karugendo pale alipokuwa akipiga makofi.

"Petroli hii jana ilikuwepo?"

"Mama, hiyo ni ya shughuli maalumu."

"Nimekuuliza jana ilikuwepo."

Bwana Karugendo aliendelea kupiga makofi, lakini polepole. "Ilikuwepo," alisema.

"Basi nirudishe nayo nyumbani nikamzike."

"Hii ni ya wageni, mama. Lori litawarudisha nyote baada ya chakula."

Hakungoja chakula. Kwanza alitaka kumpiga na kibuyu, na Mungu anisamehe, angempiga ingekuwa sawa. Lakini mkono ulikataa kuinuka, maana kwa mfiwa hakuna kazi inayofanyika, hata hiyo. Alivua kitenge cha ofisi, akabaki na nguo zake mwenyewe, akakikunja vizuri akakiweka juu ya pipa la petroli. Yeye na Ildefons wakaenda kwa miguu mpaka Rwamishenye, na hapo wakapata lori la samaki lililokuwa likirudi upande wa Muleba, wakapanda juu ya magunia.

Joviana alikuwa amelazwa vizuri, mikono imenyooshwa, nywele zimechanwa. Kokuberwa alimweleza Benigna jinsi mwanawe alivyokufa. Hakulia wala hakuhangaika. Muda wote alikuwa amegeuza sikio upande wa barabara. Kila mlio uliposikika kwa mbali aliuliza kama ni lenyewe, na Kokuberwa alimwambia bado, bado kidogo. Mwishoni alisema sasa nalisikia, na Kokuberwa alitoka mpaka mlango wa kibanja kutazama, na barabara ilikuwa tupu.

"Nilimwambia linakuja," Kokuberwa alisema. "Niliporudi ndani alikuwa ameshakwenda. Sijui kama alinisikia."

Walimzika kati ya migomba ya embire, karibu na dada zake. Nyasi zilitandikwa nyumba nzima. Mgambo walikuja kutazama kama utaratibu unafuatwa, wakamkuta Benigna amekaa chini anawatazama machoni, wakavua kofia nao wakakaa. Huko mjini nguzo za jukwaa hazikung'oka. Vibarua walivuta mpaka wakachoka, majembe hayakuingia ardhini, na nyasi pale ilipomwagwa enkonyagi hazikukubali fyekeo. Ikatundikwa karatasi kwamba uwanja umefungwa kwa matengenezo, na watu wa Bukoba wakapitia njia nyingine bila maswali.

Matanga yalikuwa hayajaanuliwa pale mlio ulipokata kona ya kanisa. Benigna aliusikia akiwa juu ya nyasi. Halikuzimwa mapema, lilishuka mteremko kwa fujo mpaka mlangoni, na badala ya harusi likaingiza ndani ya nyumba ya msiba harufu ya petroli. Bwana Karugendo aliteremka na mfuko wa sukari. Akatoa pole kwa namna inayotakiwa, akainama kwa kila mzee, akakaa kidogo kwenye ukingo wa nyasi.

"Taarifa imepokelewa vizuri sana huko juu," alisema baada ya muda ufaao. "Mpango unapelekwa wilaya zote. Sasa mwezi ujao kuna wageni wengine, na wale wanatoka mbali. Ingefaa tuwe na ndoo kadhaa za kumimina mbele yao. Hata kama tangi lenyewe litakuwa na, eeh, kitu kingine."

"Mtambo umefiwa," Benigna alisema. "Jana Kokuberwa alijaribu kuwasha kuni chini ya pipa atuchemshie maji. Hazikushika."

Bwana Karugendo aliitikia kwa kichwa. Alielewa kabisa. "Basi nitarudi matanga yakiisha."

"Nilikuwa na gari," Benigna alisema. "Lilikaa pale nje chini ya mparachichi. Walipokufa watu lilikaa nao. Lile ulilokuja nalo silijui."

"Ni lile lile, mama."

"Silijui," alisema tena, na alisema kwa hasira waliyoisikia mpaka waliokaa uani. "Toka nalo hapa. Hapa watu wamefiwa."

Akatoka. Dereva mpya akageuza ufunguo. Kwa kitambo kidogo injini ilikohoa, maana labda kulikuwa na tone la ndizi lililosalia mahali kwenye mrija, na gari likasita pale mlangoni, na pua yake ikaanza kugeuka kuelekea kwenye mparachichi. Ildefons, aliyekuwa kwenye nyasi, alijiinua nusu. Dereva mpya akakanyaga mafuta. Petroli ikapita, mrija ukasafishika, gari likaondoka.

Wakati huo huo kutoka nyumba ya pili walikuwa wakitoka wanaume na machela. Mtoto wa Kokuberwa alikuwa amezidiwa asubuhi hiyo, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni, na Kokuberwa alitembea pembeni akimshikia kichwa kisitikisike. Walikuwa wamefika katikati ya barabara pale Landrova lilipopiga honi nyuma yao. Wanaume walitazama nyuma, wakaona LINATEMBEA KWA NDIZI ZETU. Wakashuka na machela mtaroni, wakakaza miguu kwenye matope, wakangoja lipite. Lilipopita wakapanda tena barabarani, wakabadilishana mabega, wakaendelea na kilima.